Gari la Vitanda Uani Kwetu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kandambili za mdogo wangu wa kike. Zilikuwa chini ya ngazi ya lile gari, zimepangwa ubavuni mwa viatu vya mume wangu, utadhani ni za watu waliooana. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani nilimsikia mdogo wangu akicheka kile kicheko chake cha kukatakata, anachokitoa akifurahi kweli.

Gari lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la dereva mmoja mstaafu, mteja wa mume wangu. Lina vitanda viwili, jiko, sinki na friji ndogo, mtu anasafiri na nyumba yake mgongoni kama konokono. Mzee alikwenda kutibiwa mguu, na kwake hakuna nafasi, akaliacha uani kwetu. Mume wangu ni fundi umeme wa magari, na kazi aliyoachiwa ilikuwa moja tu: betri za ndani zisife. Ile ya kuwashia injini ni nyingine. Za ndani ni mbili, zimefichwa chini ya kiti, na ndizo zinazoendesha taa, friji na pampu ya maji.

"Zikishuka sana zikakaa hivyo, basi tena," mume wangu alisema. "Hata uzibembeleze vipi, haziamki."

Hayo alikuwa akimwambia mdogo wangu. Mimi nilikuwa napita na ndoo.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anakaa kwetu, mchana anazunguka na vyeti vyake kutafuta kazi. Mimi niliishia darasa la tano. Mama aliugua, ikabidi nibaki nyumbani kubeba mtoto, na mtoto wa kubebwa alikuwa yeye.

Kila jioni mume wangu akirudi kutoka gereji hata maji hajanywa, anaita, "Shemeji, njoo tupime!" Wanavua viatu kwa sababu ya zulia la mzee, wanafunga mlango kwa sababu ya mbu. Sababu zote nilizijua. Hazikunisaidia kitu.

Siku moja nilipeleka chai ili nione kwa macho yangu. Walikuwa wamepiga magoti mbele ya kile kiti, kichwa kwa kichwa. Mume wangu ameushika mkono wake, anauongoza.

"Waya nyekundu hapa, nyeusi pale. Usitetemeke, haing'ati. Haya, mita inasemaje?"

"Kumi na mbili nukta saba."

"Maana yake?"

"Imeshiba."

"Aisee! Vijana wangu wote wa gereji weka kando!" Halafu akaniambia mimi, bila kuinua macho, "Weka hapo, bibie."

Nikaweka hapo.

Mama mwenye nyumba, ambaye dirisha lake linatazama uani, alikuwa akinisubiri kwenye bomba.

"Mwanangu, wewe una moyo," akasema. "Gari la vitanda, mlango umefungwa, mumeo ndani na mdogo wako ndani. Wewe umebeba sinia!"

"Wanapima betri, mama."

"Enhe. Wapime."

Mimi nikikasirika hufua. Sijui kugombana, sauti yangu huishia kooni. Basi nikafua mashuka, nikafua mapazia, nikatoa mablanketi ambayo hayakuwa machafu nikayafua nayo. Kamba ya nguo iko kivulini, nguo nzito hulala na unyevu. Lakini nyuma ya gari kuna ngazi ya kupandia juu, na juu kuna kioo kikubwa cheusi, nikadhani ni dirisha la paa lililopakwa rangi. Kilikuwa cha moto kama kikaango. Blanketi ukilitandaza pale asubuhi, alasiri limekauka hadi pindo. Nikawa natandaza kila siku, na kushusha kabla mume wangu hajarudi.

Wiki ile betri zikaanza kushuka.

"Kumi na mbili nukta tatu," nilimsikia mdogo wangu akisoma. Kesho yake, "Nukta moja, shemeji."

Mume wangu akachanganyikiwa. Akazima friji. Akachomoa redio. Akasema labda ni kengele ya wezi inalamba umeme kidogo kidogo. Kuzichaji kwa waya wa umeme kutoka ndani ya nyumba kusingewezekana, mama mwenye nyumba alishakataa. Basi wakawa wanakaa humo garini hadi chakula kinapoa, wanafungua vifuniko, wanakaza nati, wanaongea kwa sauti za chini. Nami kadiri walivyokaa ndivyo nilivyofua.

Halafu siku ile nikawaona wameingia getini pamoja, saa za mchana, wakati mume wangu hutakiwa kuwa gereji na mdogo wangu kwenye mihangaiko yake. Moyo wangu ulitumbukia kama sabuni kwenye beseni. Nikasimama nyuma ya mlango wa jiko. Nikajiambia: leo nitaona, na nikiona nitafunga nguo zangu.

Hawakuingia garini. Mume wangu alisema wacha aangalie na huko juu jua likiwa bado kali, akashika ngazi ya nyuma, akapanda. Akafika juu.

"Mke wangu!" akaita. "Hili blanketi la nani?"

Nikatoka. "La kwetu."

"Lina muda gani hapa?"

"Leo blanketi. Jana mashuka. Juzi mapazia."

Alikaa palepale juu ya paa, akacheka hadi akashika mbavu.

"Dada!" mdogo wangu akapiga makofi. "Umeifunika sola! Ndiyo inayolisha betri! Sisi tunatafuta mchawi huku, kumbe mchawi anafua!"

"Nani aliniambia?" nikasema.

Ilitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wote wawili wakakata kicheko. Mdogo wangu akanitazama usoni, akaona kilichokuwapo.

"Dada, ulikuwa unadhani mimi na shemeji..."

"Nilidhani."

"Mimi? Na huyu? Ananuka grisi hadi masikioni!"

"Ahsante sana, shemeji," mume wangu akasema kutoka juu, amelikumbatia blanketi langu.

Nikacheka. Nilimwamini mdogo wangu, na bado namwamini. Kwa siku kadhaa jua likapiga kile kioo wazi, betri zikapanda taratibu.

Lakini jioni moja mume wangu aliposema tena, "Shemeji, njoo tupime," kile kitu kiliniuma palepale pa mwanzo, na safari hii sikuwa na dhambi ya mtu ya kuisingizia. Hakuna aliyekuwa akiniibia mume. Na bado niliposikia "Maana yake?" na mwenzangu akijibu, na kusifiwa, mate yangu yalikuwa machungu.

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikaufungua mlango wa gari bila chai wala sinia.

"Kuna nini, bibie?" mume wangu akauliza.

Nikamwambia, "Mwaka wa tano huu nakaa na wewe, fundi, na hujawahi hata siku moja kuniuliza kama nataka kujua kazi yako. Nataka. Msogeze huyo kidogo, unishike mkono na mimi, unioneshe nyekundu inawekwa wapi."