Ulimi wa Mantegbosh

Bwana Gashaw hakuketi. Hilo peke yake lilitosha kumpandisha Mantegbosh hasira, maana mtu aliyekunywa nyumbani mwako miaka thelathini hasimami mlangoni na kofia mkononi kama karani wa kodi.

"Keti," alimwambia.

"Nina haraka, dada yangu. Nimetumwa na wenzangu wa chama cha Mikaeli." Akakohoa. "Tumekaa, tukaona mwaka huu upumzike. Tella ya sikukuu atapika Zinash."

Mantegbosh alidhani hakusikia vizuri. Tangu mumewe akiwa hai, kila sikukuu ya Malaika Mikaeli ya mwezi wa Hidar ilipokaribia, ni yeye aliyefukiza mitungi kwa moshi wa mzeituni, akakaanga shayiri, akatwanga gesho, yale majani yanayoitia tella, pombe hiyo ya shayiri, ukali wake na kuizuia isiharibike. Padri akishabariki mkate, mtungi wake ndio uliofunguliwa kwanza. Mji mzima wa Debre Tabor ulijua. Sasa Zinash! Zinash aliyehamia mjini juzi tu, mwenye kucheka na kila mpita njia!

"Nani kawaambia nimechoka?"

"Hakuna aliyesema umechoka."

"Basi huko kupumzika kumetoka wapi? Nimekuwa maiti?"

Gashaw alizungusha kofia yake. "Ndimi za watu zimebadilika, dada. Si kosa la mtu. Hata mimi, unajua, siku hizi nakunywa bia."

Alijua sana. Wimbo huo alikuwa ameusikia miaka miwili mizima. Alianza Gashaw na bia yake ya chupa, eti tumbo. Akafuata Mulualem, fundi wa mawe, eti mtu akishapita hamsini anahitaji araki ya kumpasha mifupa moto. Walimu wawili wakaenda kwenye tej, pombe ya asali, kama kwamba kila siku ni harusi. Mantegbosh aliwacheka. Yeye aliwajua wanaume na vinywaji vyao kuliko walivyojijua wenyewe. Mtoto hulamba maji ya asali yasiyochacha akiwa mapajani mwa bibi yake. Kijana akipata mshahara wa kwanza hutaka chupa, wasichana waione. Akioa, akizaa, akili ikimrudia, huja kwenye tella, na hapo ndipo hukaa mpaka azikwe. Hivyo ndivyo baba zao walivyofanya. Hawa wa sasa walikuwa wanarudi kinyumenyume. Gashaw, mtu wa miaka sitini na minne, na chupa mkononi kama mvulana anayetafuta mchumba!

Aliacha kucheka mabenchi ya wateja nyumbani kwake yalipobaki matupu.

"Toka nyumbani kwangu," alisema, akajitupia shuka lake jeupe mabegani, akajaza dumu dogo tella kutoka mtungi wa pembeni, akampita mlangoni kwa kishindo.

Kwa Zinash kulikuwa na kopo lililopinduliwa juu ya mti, alama ya kila nyumba inayouza tella, ila hili liling'aa. Ndani kulijaa. Na pale kwenye benchi la kwanza, bilauri imemfika kinywani, alikaa Mulualem fundi wa mawe.

"Wewe!" Mantegbosh alimsimamia. "Si ulisema umehamia kwenye araki?"

Mulualem alimeza vibaya, akapaliwa. "Mama, leo tu... nilikuwa napita."

"Unapita umekaa?"

Watu wakacheka. Zinash alitoka jikoni akifuta mikono, mwanamke mnene wa miaka arobaini asiyetishika. "Shikamoo, mama. Karibu uketi."

"Sikuja kukaa. Umewatilia nini hawa? Sukari? Au unaye mganga wako?"

"Usinitukanie nyumba yangu."

"Umeniibia Mikaeli!"

"Sijakuibia kitu." Zinash naye alishapandwa na hasira. "Wote humu wanajua, na hakuna mwenye ubavu wa kukuambia. Lete hilo dumu lako."

Alichukua bilauri mbili, akamimina moja kutoka kwenye dumu na nyingine kutoka kwenye mtungi wake. Akampa Mantegbosh mgongo, akazibadilishabadilisha nafasi, kisha akaziweka mezani. Zote zilikuwa na rangi ileile ya udongo. "Kunywa, niambie ipi ni yako. Ukiitambua, Mikaeli ni yako, na mimi nitakuja kukuchochea kuni."

Mantegbosh alikaribia kumcheka. Mwanamke asijue tella yake mwenyewe? Akanywa ya kwanza: maji yenye moshi. Akanywa ya pili: maji yenye moshi. Akarudia ya kwanza, akaizungusha mdomoni, akangoja ukali uje pale nyuma ya ulimi unapokuja siku zote. Haukuja. Kwenye ya pili pia haukuja. Aliona watu wote wanamtazama, na hakuwa mtu wa kusitasita mbele za watu.

"Hii," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mulualem aliinamia bilauri yake. Sauti ya Zinash ilikuwa imeshuka.

"Hiyo ni yangu, mama."

Njiani kurudi, Mantegbosh alimkumbuka muuza gesho. Kwa miaka miwili alimtukana kila Jumamosi sokoni kwamba anamuuzia majani yaliyokufa, na siku moja alimpiga nayo usoni, kikapu na kila kitu. Na kwa kuwa majani yalikufa, aliyazidisha. Kisha akayazidisha tena, kumbe kilichokufa ni ulimi wake. Aibu ilimwunguza, na aibu yake, kama kawaida, iligeuka hasira kabla hajafika nyumbani.

Gashaw alikuwa bado uani, ananong'ona na Enatnesh, bintiye Mantegbosh. Walinyamaza walipomwona.

"Lete mkono," alimwambia Gashaw.

Desturi ni kwamba mpishi hujimiminia kiganjani kidogo, akaonja kwanza, ndipo mgeni anywe bila wasiwasi. Mantegbosh alimimina kwenye kiganja cha mgeni. Gashaw alikunywa. Machozi yalimtoka.

"Nzuri, dada. Kama ya zamani."

"Mwongo!" Alimmwagia tella ya dumu miguuni. "Miaka miwili unaniachia mimi niwatukane watu wa haki sokoni! Ukanidanganya kwa bia! Ungeshindwa nini kuniambia neno moja?"

"Dada, tulikuheshimu."

"Mliniogopa. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu peke yake?"

Enatnesh alilichukua dumu mkononi mwa mama yake. Alijimiminia kiganjani, akanywa, akatema chini palepale mbele ya mgeni, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani mwake.

"Ni chungu, mama. Haimezeki. Ningekuambia ungenipiga."

Mkono wa Mantegbosh ulikuwa umeshapanda. Alijiona mwenyewe, mkono juu, na binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto, amefumba macho akingoja. Akaushusha. Hasira haikushuka nao, ila sasa hakujua aitupie nani.

"Nimezidisha gesho kiasi gani?"

"Mara mbili. Labda tatu."

"Kaimwage mitungi yote. Kesho tunaanza upya, na atakayeonja ni wewe. Ukinidanganya tena, hapo ndipo utakapopigwa."

Gashaw alikuwa anarudi nyuma taratibu, viatu vimelowa.

"Na wewe!" alimfokea. "Waambie wenzako Zinash apike. Nitakuja. Nitakaa mbele, pale ninapokaa siku zote, nitakunywa hayo maji yake mpaka bilauri ya mwisho, na ole wake atakayeniuliza kama ni mazuri."