Shangazi Nje ya Mstari

Usiku wa jana niliota jiko la mkaa la shangazi yangu Mwanahawa limelazwa kwenye kitanda cha mtoto, limefunikwa kanga. Pembeni kuna kaburi dogo, limeshachimbwa.

Sufuria iliyofunga tai ikajitambulisha kuwa ndiyo mtaalamu wa mazingira.

"Shangazi yako hakaangi andazi hata moja," ikasema, "mpaka tupime madhara ya jiko hili tangu kuzaliwa hadi kuzikwa."

"Na likishindwa?"

"Linazikwa leo leo."

Shangazi anaishi kwa maandazi. Mimi naishi kwa shangazi.

Shahidi wa kwanza ni mti uliochomwa mkaa. Umekuja kwa miguu kutoka Kilosa na unataka kuanzia ulipokuwa mbegu. Huku unga umeumuka, umetoka kwenye beseni, unazurura uani.

"Mwambie afupishe," shangazi ananong'ona.

"Hamna njia rahisi?" nauliza.

Sufuria inatoa chaki, inalizungushia jiko duara. "Kilicho nje ya mstari hakipo."

Mti haupo. Inachora duara dogo zaidi: lori la mkaa halipo. Dogo zaidi: moshi haupo.

"Mama, sogea kidogo nimalizie," inasema.

Shangazi, kwa heshima zake, anasogea. Kandambili yake ya kushoto ndiyo inayopotea mwisho.

Mara uani pamekuwa ukumbi wa mikutano. Viti vya plastiki vinapiga makofi.

"Shangazi yangu yuko wapi?"

"Tumemrahisisha. Hongera, jiko halina madhara yoyote."

"Nani sasa ataniwasha?" jiko linauliza kutoka kitandani. "Huyu? Huyu hata chai inamuungulia."

Nikaanza kufuta mstari kwa kisigino. Kwanza ukarudi mwiko, kisha mkono, kisha shangazi mzima, na moshi wote nyuma yake.

"Unaharibu matokeo," sufuria ikalalamika, ikinivuta shati. Kikabaki kipande cha mstari, kama urefu wa unyayo.

"Mpishe mtoto," shangazi akasema, "au nikubandike."

Nikaamshwa na kikohozi. Shangazi alikuwa uani anakaanga, moshi umemzunguka, mguu mmoja peku.

"We Shomari, umeiona kandambili yangu ya kushoto? Nimetafuta mpaka uvunguni."

Nikajitazama kisigino. Kilikuwa cheupe, chaki tupu.