Upindo wa Kobe

Watu wana midomo, jamani! Fundi wa watu wakambandika jina la Kobe, eti kwa sababu sare moja ya shule ilimchukua siku nzima. Si alikuwa anakunja kitambaa cha ziada ndani ya upindo wa sketi, vidole vinne vizima, ili mtoto akirefuka upindo ufunguliwe, sketi ishuke! Wateja walimsifu, ila hawakurudi upesi, maana sketi ilidumu miaka. Mafundi wenzake wakamcheka: "Kobe, unakata tawi ulilokalia!" Binti yake alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka sare zikachanika.

Mzee alipofariki, mpangaji mpya akapaka rangi juu ya kibao cha duka. Binti akaona kama baba kazikwa mara ya pili. Yeye ndiye mtoto pekee, na mwanawe hakuwahi hata kumwona babu. Nani atamtaja tena? Jambo hilo lilimuuma kweli.

Miaka ikapita, akahamia mji mwingine, mwanawe akafika umri wa kuanza shule. Akampeleka kwa fundi wa mtaani, mama mmoja mcheshi, futi shingoni. Fundi akampima mtoto, akauliza bila kuinua kichwa:

"Dada, nimwekee kobe?"

"Unasemaje?"

"Kobe. Upindo wa akiba. Miguu yote hii! Bila kobe, mwakani utanirudia unalia."

"Nani kakufundisha kuuita hivyo?"

"Aa, mafundi wote tunauita hivyo. Hata aliyenifundisha aliukuta ukiitwa hivyo."

"Kobe alikuwa mtu," akasema mama mtu. "Alikuwa baba yangu."

Fundi akaweka mkasi chini. "Wallahi? Mie miaka yote nikidhani ni huyu mwenye gamba!"

Wakacheka wote wawili, mama mtu machozi yakimtoka. Mtoto akamvuta gauni. "Kobe ndiye nani?"

Mama akachukua sketi ya mteja mwingine iliyokwisha kushonwa, akaugeuza upindo, akamshikisha. "Babu yako, aliyeanzisha upindo huu. Alijua watoto wanakua."

Kisha akamgeukia fundi. "Mwekee kobe. Vidole vinne, usimbanie."

"Vinne vya nani? Vyangu vyembamba."

Mama akalaza mkono wake juu ya kitambaa. "Pima kwa hivi. Nimerithi vya baba."