Upande wa Kulia wa Mwiko

Jumamosi, baada ya ugali wa mchana, Rhobi wa kidato cha pili alimwaga maharage kwenye ungo, akalaza mwiko katikati. Mekundu yalikuwa haidrojeni, meupe oksijeni, mwiko ndio mshale. Alikuwa anasawazisha mlinganyo wa maji. Mara ya kwanza alikosea, akaongeza harage jeupe ndani ya maji yenyewe. Mwalimu Tomaso alishawakanya: ukigusa ndani, si maji tena, ni kitu kingine. Akapanga upya. Kushoto mekundu manne na meupe mawili, kulia vilevile.

"Kilichopo kushoto lazima kitokee kulia," alimwambia mama yake, Agustina. "Hakuna kinachopotea."

Agustina aliishia darasa la saba. Alisema hata yeye anajua hilo, isipokuwa sukari ya nyumba hii.

Hapohapo jikoni baba yake, Godwin, alikuwa anachoma donge la machimboni ndani ya kopo la maziwa. Donge ni zebaki na dhahabu zilizoshikana. Moshi ulipanda hadi kwenye bati, halafu ukashuka, maana moshi wa zebaki ukipoa hushuka, ukampitia Ester, mdogo wake Rhobi wa miezi minane, aliyelala mkekani. Kwenye kopo ikabaki dhahabu, kama punje ya mtama.

Rhobi akapanga ungo: kushoto harage jeupe la zebaki na jekundu la dhahabu. Kulia jekundu peke yake.

"Baba, haijasawazika. Zebaki iko wapi?"

"Imekwenda na moshi."

"Na moshi umekwenda wapi?"

"Hilo litatoka kwenye mtihani?" Godwin alisema, akaenda kwa mnunuzi.

Ungo ulibaki hivyo. Asubuhi Ester aliamka analia. Machozi yake yalikuwa mazito, yanang'aa kama kioo, yakabingirika mkekani bila kuulowesha. Rhobi aliyakusanya kwa karatasi ya daftari, kisha akaweka harage jeupe upande wa kulia.

Jirani yao Scholastica alikuja kuomba kaa la moto. Alimtazama mtoto, akasema mjukuu wake yanamtoka masikioni, tena mengi. Ester alipopelekwa zahanati waliandika "macho", wakatoa dawa ya kupaka. Agustina alimwomba mumewe achomee mbali, kule korongoni. Godwin alisema huko watu wanaona.

Machozi Godwin aliyamimina kwenye kichupa cha sindano. Wiki hiyo zebaki ya kukamatia dhahabu ilikuwa imeadimika.

Kwa mlinganyo wa maji, Mwalimu Tomaso alimpa Rhobi vema kubwa, ya wino mwekundu.

Jumamosi iliyofuata kopo lilirudi jikoni. Kesho yake Ester alipoanza kulia, Agustina alinyoosha mikono ambebe. Godwin alikuwa ameshachuchumaa, kichupa kiko wazi.

"Mama Rhobi, usimnyamazishe kwanza."

Agustina akasubiri.