Siku Niliyocheza Mpole

Ninaitwa Annuarite, jina la mtakatifu, na kambi nzima ya Dzaleka inajua utakatifu wangu unaishia kwenye jina. Nina mdomo. Kwa hiyo Wellars, anayetufundisha michezo ya kuigiza, alipotuletea ule mchezo wa zamani wa kuchekesha wa dada wawili, mmoja mpole na mwingine mkali wa maneno, hakuna aliyeuliza nani atakuwa nani. Ukali wangu. Upole wa Mukundwa, rafiki yangu tangu tulipofika kambini, mtu anayemwomba kuku radhi kabla ya kumfukuza jikoni.

"Mupole haonekane mpaka umusimamishe pembeni ya mwenye kelele," Wellars alituambia. "Mukiwa bawili njo batu batacheka."

Wiki mbili kabla ya onyesho Mukundwa akanipa siri. Olivier, kijana anayepakia magunia kule Kanengo, alitaka kumwoa, na tantine wake Véronique, shangazi aliyemlea, angekuja kutoka mjini Kawale kumtazama Mukundwa jukwaani bila kujitambulisha. Kwetu tantine akikataa, imekwisha.

Nikafurahi kwa mdomo. Moyoni kulikuwa na wivu, nauita kwa jina lake, maana huyo Olivier nilikuwa nimemtazama mimi kwanza. Kesho yake nikamwambia Mukundwa, "Tubadilishane. Mi nimechoka kuitwa mukali." Nilijua ninachofanya. Mtu asinitetee hapo.

Mukundwa akakubali, ndivyo alivyo. Ukali wake mwenyewe hakuwa nao, basi akaazima wangu: mkono kiunoni, mdomo upande, hata kusonya kwangu. Mimi nikaazima yale macho yake ya kutazama chini.

Siku ya onyesho watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbele kabisa mama mmoja wa kitenge cha manjano hakucheka. Alimtazama Mukundwa, akanitazama mimi, kisha akamuuliza jirani yake kitu.

Baada ya siku tatu jibu likaja: tantine hataki mdomo ule nyumbani mwake.

"Labda nilicheza muzuri sana," Mukundwa aliniambia, akajaribu kucheka. Afadhali angenipiga kofi.

Jumamosi nikamwambia naenda Kawale kumwombea kwa tantine. Akakipiga pasi kitenge chake cha kanisani, akanifunga mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa ndani ya nguo yake kabisa.

Tantine Véronique nilimkuta sokoni, nyuma ya meza yake ya dagaa. Nikamwambia: ule mdomo ni wangu, Mukundwa aliuigiza tu, hajawahi kumjibu mtu vibaya, na kubadilishana niliomba mimi. Nilisema polepole, macho chini, kwa aibu. Nikabakiza jambo moja tu: kwa nini niliomba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifutia kiti.

"Mwanangu," alisema, "tangu nitoke Uvira sijaona mutoto anabeba makosa ya mwenzake namna hii. Mutu wa mudomo hawezi kuongea hivi. Olivier nilishamuambia: wa kuoa ni ule mwingine, ni wewe. Sasa njo nimehakikisha."

Lilibaki neno moja la kumwambia: Tantine, niliomba kwa sababu nilimtaka Olivier. Ningelisema, angenifukuza pale pale, na Mukundwa angepata nyumba. Mimi niliyewahi kumnyamazisha mchungaji mbele ya waumini wake, nilikaa kwenye kile kiti nikitazama dagaa. Akaniagizia soda. Nikainywa yote, na nikamshukuru: zikomo.

Mukundwa alikuwa ananingoja barabarani niliposhuka kwenye minibasi.

"Alisema nini?"

Nikatazama chini, kama alivyonifundisha. Naye, kwa kuwa ni mpole, hakuniuliza mara ya pili. Alinifuta vumbi begani, akasema kitenge kimenipendeza, nibaki nacho.