Ramani Iliyochorwa Kiangazi

Nina kitu changu: kiangazi kila mwenye miguu anakikanyaga, masika ukikikanyaga unafukuzwa na jembe. Mmeshindwa? Basi nipeni mji.

Haya, mmenipa Mpanda, nimeupokea. Kitu chenyewe ni jaruba la mpunga. Na jaruba nitakalowasimulia lilikuwa la mama mkwe wangu, Theopista, kule bondeni chini ya Makanyagio. Lilitaka kugeuzwa jalala.

Ilikuwa mwaka sabini na nane. Mimi nilikuwa mfagiaji wa soko la Kashaulili, nina ufagio wangu wa vijiti na karai langu. Redio zilikuwa zinataja kipindupindu kila siku. Kwetu kilikuwa hakijafika, ila nzi walikuwa wameshafika. Serikali ikasema kila mji uwe na mahali pake pa kutupa taka, paandikwe kwenye mpango, mkoa upasimamie. Mkoa wetu siku hizo ni Rukwa, wakubwa wako Sumbawanga. Na trekta la kubebea taka lilikuwa moja tu kwa miji miwili ya mikoa miwili, sisi na wenzetu wa Urambo, mkoa wa Tabora. Mwezi mmoja kwao, mwezi mmoja kwetu. Lilikuwa linapanda treni na kushuka kama abiria, limekosa tiketi tu.

Sumbawanga wakatuletea kijana wa mipango, Telesphor. Mrefu, mpole, suruali ya bugaluu inafagia chini kunizidi mimi. Alikuja mwezi wa tisa. Huo mwezi muukumbuke.

Siku hiyo nafagia ofisi ya soko, naona ramani ukutani. Nilisoma mpaka darasa la nne, ramani masista walitufundisha. Nikaweka kidole stesheni, nikafuata barabara, nikashuka na kijito. Kidole kikaishia ndani ya mraba wa penseli nyekundu, umeandikwa JALALA. Nikakitoa, nikafuata upya. Kikarudi palepale. Lilikuwa jaruba la mama.

Mume wangu Gelasius alikuwa kibarua wa reli huko Kaliua, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mimi, mama na watoto watatu tulikuwa tunakula mpunga wa jaruba lile, mwaka hadi mwaka. Hatukuwa na lingine.

"Ndugu," nikamwambia Telesphor, "hapa ulipopaka nyekundu pana wenyewe."

"Hapana mwenyewe, mama. Nimekwenda kwa miguu yangu. Hakuna tuta, hakuna mmea, ng'ombe watupu. Nikamwuliza mchungaji, mnamwomba nani ruhusa ya kulisha hapa? Akasema hatumwombi mtu."

"Mchungaji gani huyo?"

"Anaitwa Manyanda."

Ufagio niliuacha palepale. Manyanda ni jirani yangu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, na mkewe Nyanzala ndiye wifi yangu wa kujitafutia. Nikamkuta anapepeta mahindi.

"Nyanzala! Mumeo kanipa mimi na mama mkwe wangu kwa takataka!"

Nikamweleza. Akacheka mpaka ungo ukainama.

"Sasa wifi, kasema uongo gani? Kiangazi ulishawahi kuona ng'ombe anapiga hodi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu mpunga ukishavunwa, bonde lote linafunguliwa. Ng'ombe wa yeyote wanaingia, wanakula mabua, wanaacha samadi, na kingo za majaruba wanazisawazisha kwa kwato. Hakuna kuombana. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu anarudi kwenye kipande chake bila hata kukosea unyayo mmoja. Telesphor alikuwa amechora ramani ya kiangazi akidhani ni ya mwaka mzima.

Nikarudi kumweleza. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mama Eufrazia, nimekuelewa na nina haya. Lakini sikiliza na mimi. Trekta limegawiwa pipa moja la dizeli kwa mwezi. Mahali pengine pa kutupa ni lile shimo la kokoto la watu wa reli, maili saba. Nikienda huko kila siku, wiki ya pili pipa limekauka. Na nisipokwenda kila siku, taka zinalala sokoni, nzi wanazaana, tunaletewa kipindupindu. Bondeni ni karibu. Jumamosi narudi Sumbawanga. Ramani ikishagongwa muhuri, siwezi tena."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nyumbani nikamkuta mama Theopista ameketi mkekani, anachagua mbegu ya mpunga, moja moja, anaipuliza. "Mwaka huu nimepata mbegu nzuri," akasema. Sikuweza kumwambia. Nikaketi, nikamsaidia kupuliza.

Alhamisi nikafagia soko kwa namna ambayo sikuwahi. Siku zote nilikuwa nasukuma vyote kwenye chungu moja. Siku hiyo nikafanya mbili. Nyanzala akaja kunisaidia, huku anawatania wenye vibanda: "Leteni uchafu wenu, leo unatafutiwa cheo!" Huku tukaweka maganda ya ndizi, majani ya kabichi, kapi za miwa, maganda ya mahindi, pumba, vichwa vya dagaa. Kule makopo, chupa zilizovunjika, betri za redio, ndala za matairi zilizochoka. Saa sita nikamwita Telesphor. Chungu ya kwanza ilimfika kifuani. Ya pili nilikuwa nimeitia yote ndani ya tenga moja, na halikujaa.

"Ndugu, nikutegee?"

"Tega, mama."

"Mama yangu anazika maganda na majani, yakifufuka ni ulezi."

Akatabasamu, mara akawa kama mtoto wa mtu. "Ntumba," akasema.

Ntumba ni yale matuta ya kwetu Ufipa. Mama zetu wanafukia majani na udongo juu yake, yanaoza, halafu wanapanda hapohapo. Mfipa hafundishwi ntumba, anazaliwa akiikuta.

"Umejuaje mimi ni Mfipa?"

"Siku ya kwanza uliniamkia kwa kupiga makofi. Huku nani mwingine ananiamkia hivyo?"

Akachuchumaa, bugaluu yote vumbini, akanyanyua lile tenga. "Hiki ndicho cha siku nzima?"

"Cha siku nzima."

Nikamwona anapiga hesabu kwa midomo. "Kwa wiki, tela moja. Safari moja ya shimoni kwa wiki. Pipa linatosha na kubaki." Kisha akaigeukia ile chungu kubwa, uso ukaanguka. "Na hii, kila siku, ataibeba nani?"

"Maksai wa yule aliyekupoteza," akasema Nyanzala. "Kila asubuhi mume wangu anashusha kuni hapa na mkokoteni, anarudi mtupu. Anapita pale kilimani akina mama wanapolima. Atawashushia hii, waifukie kwenye matuta yao. Akikataa, atakula ugali wake akiwa amesimama."

Watu wa vibandani wakacheka. Telesphor hakucheka, bado alikuwa na mkoa kichwani. "Watasema mpango umeshaandikwa, haubadilishwi na soko."

"Na mwezi ule trekta likiwa Urambo," nikamwuliza, "mpango umesema taka za hapa zikae wapi?"

Akafungua daftari, akageuza ukurasa mmoja, wa pili. Hapakuwa na kitu.

"Makopo yatangoja mwezi," nikasema. "Maganda hayangoji."

Hilo akaliandika. Jumamosi akaondoka na ramani yake imekunjwa, mraba mwekundu bado umo ndani. Aliniambia, "Nitasema, mama. Siahidi."

Mwezi wa kumi ukapita, jibu hakuna. Manyanda alianza kubeba maganda tangu Jumatatu ya baada ya safari ile, ananung'unika, anabeba. Mvua ya kwanza ikanyesha, ng'ombe wakatolewa bondeni, na mama Theopista akachukua jembe. Ningesema nini? Nikashika langu, nikamfuata. Tukainua kingo za jaruba upya, kila tonge la tope ninaloliweka najiuliza kama ninapalilia jalala. Nikalima hivyohivyo, bila jibu.

Januari tuko ndani ya maji tunapandikiza miche. Nasikia mtu anaita kutoka kwenye ukingo. Telesphor, viatu mkononi, bugaluu kaikunja mpaka magotini. Miguu myembamba kama ya korongo.

"Imepita, mama Eufrazia! Mkoa wameikubali, ramani mpya ina shimo la kokoto. Na Urambo wameomba nakala, wanataka kufagia chungu mbili na wao!"

Nikainama kama natafuta mche ulioanguka, maana sikutaka anione machozi.

"Huyu nani?" mama Theopista akauliza.

Sasa ikabidi niseme. "Ndiye aliyetaka kufanya jalala hapa, mama. Halafu akakataa."

Mama akamtazama kuanzia magoti kwenda juu, taratibu. Akatazama maji, akatazama jaruba lake lote lilivyojaa. Halafu akachomoa fungu la miche kiunoni.

"Shuka," akamwambia.

Akashuka. Akazama mpaka kwenye mashavu ya miguu, akapanda mistari mitatu iliyopinda kama njia ya mbuzi. Mama akamfuata nyuma anang'oa, anapanda upya, anamgombeza: mtu mzima, mtoto wa Ufipa, ana cheo cha mipango, kunyoosha mstari hajui. Mistari miwili aliirekebisha. Wa tatu akauacha vilevile.

"Huo ni wa kwako," akamwambia. "Utakuja kuuvuna mwenyewe."

Na alikuja, mwezi wa sita, na gunia lake kwapani.