Kichwa cha Gogo

"Umekichoma? Mama Pacha, niambie ukweli, umekichoma?"

"Sasa shemeji, kipande cha mti kimelala uani karibu na jiko langu, na mkaa siku hizi haushikiki kwa bei. Ulitaka nikifanyeje? Nikivishe kanga?"

Wapangaji walishatoka vyumbani, maana ugomvi wa uani haunogi ukisikilizwa dirishani. Mchongaji alichutama mbele ya jiko, akachokoa majivu kwa patasi. Hakupata kitu.

"Kilikuwa na muhuri," alisema.

"Mimi nilijua taka!"

Kosa halikuwa la Mama Pacha peke yake. Gogo la mpingo huanza kupasuka nchani, kwa hiyo kila mchongaji hukata kichwa kwanza, ndipo autafute ule weusi wa ndani. Na watu wa misitu, pamoja na urefu wote wa gogo, wameona wagonge muhuri wao hapo hapo kichwani. Wachongaji huvificha vichwa hivyo uvunguni kama vyeti vya ndoa. Chake kilishika ukungu, akakitoa kipate jua, kwa kuwa leo ndiyo siku ya ukaguzi. Bila hicho, gogo lililobaki chumbani, kazi yake ya mwaka mzima, lilikuwa mali ya wizi.

Bwana misitu akaingia, funguo za pikapu zinaning'inia kidoleni.

"Muhuri uko wapi?"

"Umepikiwa, mkubwa," mchongaji alijibu.

Ua mzima ukacheka. Bwana misitu hakucheka.

"Nimekichoma mimi, kaka yangu," Mama Pacha alijitosa. "Muhuri niliuona kwa macho yangu."

"Mama, majivu si ushahidi."

"Lakini nimelinunua kwenu," mchongaji alisema. "Kwenye mnada wenu. Uliyegonga ni wewe mwenyewe!"

"Nagonga mengi, mzee. Siyajui kwa sura."

Mpingo ni mzito kama chuma, na bwana misitu alivaa shati jeupe. Mchongaji akalibeba mwenyewe gogo lake, mpangaji mmoja akimsaidia upande wa pili, wakalipandisha garini. Mwenye shati akafunga mlango wa nyuma.

"Mwezi ujao tunalipiga mnada," alisema. "Njoo tu, hukatazwi."

Pikapu ikaondoka. Wapangaji wakarudi ndani mmoja mmoja. Mchongaji alibaki mlangoni, bega limechubuka, mpaka Mama Pacha alipomshika mkono wa shati.

"Shemeji, ingia ule."

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa? Ingia ule."